Wembe Kwenye Boneti ya Mwalimu

Wa asalaam aleykum na wa Bwana asifiwe, kila mtu achukue salamu yake. Mama mwenyekiti, naomba nizungumze nikiwa nimesimama, tena uniruhusu nitembee kidogo. Nikikaa kwenye kiti hicho miguu itacheza mpaka mtasahau ninachosema. Wageni wa leo wasishtuke. Hapa sote tulikuwa watu wa kutafuna majani ya muguka, na mtafuna muguka humjui kwa shavu tu, wamjua kwa miguu.

Mimi ni fundi. Si fundi wa injini, injini siijui hata kidogo. Kazi yangu ni kukinga rangi ya gari. Kuna plastiki nyembamba lakini ngumu, iko wazi kama kioo. Unaibandika juu ya boneti na bampa, kokoto zikiruka zinagonga plastiki, hazigongi rangi. Kisha kuna dawa ya kupaka, ikikauka maji yanateleza na vumbi halishiki. Mwajua wenyewe hali yetu hapa: upepo wa chumvi, malori ya Changamwe, na hawa kunguru wetu. Kinyesi cha kunguru kikishinda juani kwenye boneti, rangi imekwenda. Kwa hivyo kazi ilikuwapo, na niliipenda.

Nilianza kutafuna kwa sababu ya kazi, au ndivyo nilivyojidanganya. Kubandika plastiki kwataka mtu ainame saa sita, saba. Rafiki mmoja, simtaji, akaniambia, "Tia jani hili shavuni na chingamu ya bigijii, mgongo utausahau." Wallahi niliusahau. Nikasahau na chakula, nikasahau na mke wangu kwamba anaongea na mimi. Mikono ikawa mbio. Gari la siku mbili nikawa nalimaliza kwa siku moja, na watu wa Magogoni wakawa wanasema fundi huyu ana mikono ya jini. Kichwa kikavimba. Ndugu zangu, nawaambia, jini akikupa mikono atakuja kuidai.

Sasa sikilizeni. Alikuja mama mmoja kutoka Likoni, mwalimu aliyestaafu. Gari lake dogo, jeupe, la zamani, lakini rangi ni ileile ya kiwandani. Marehemu mumewe alikuwa akilifuta kwa mkono wake kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini. Akaniambia, "Mwanangu, mume wangu hakuniachia makubwa. Lakini gari hili hakuna aliyelikwaruza. Nataka libaki hivi."

Nikamwambia, "Mwalimu, tuliza moyo. Umefika."

Plastiki hubandikwa kwa maji. Unapuliza maji yenye sabuni kidogo, unaitelezesha mpaka ikae sawa, kisha unayasukuma maji nje kwa raba. Na maji yenyewe lazima yawe ya mfereji. Visima vyetu vya Kisauni vina chumvi, hata chai yake hainyweki. Siku ile mfereji ulikuwa mkavu, na muuza maji akasema atafika baada ya adhuhuri. Ni kungoja tu, jamani! Ungekaa, ungekunywa kahawa, ungepiga soga na watu. Lakini mwenye jani shavuni hangoji. Nikaenda kisimani, nikateka.

Halafu wembe. Fundi mwenye adabu huikata plastiki pembeni kwa kipimo, ndipo abandike. Fundi mwenye pupa hubandika pande zima, akazungusha wembe palepale juu ya gari. Mwamjua nilikuwa yupi. Karibu na taa ya kushoto mkono ukaruka. Wembe ukiwa kwenye plastiki hauna sauti. Ukifika kwenye bati, waisikia menoni. Mchano wa shubiri nzima, umeipita rangi.

Nikatazama huku na huku. Hakuna aliyeona. Nikaing'oa plastiki iliyochanika, nikabandika nyingine juu yake, nikasukuma kwa raba. Mchano, mwembamba kama uzi, ukapotea chini ya mng'ao. Jua lilipopiga, boneti iling'aa mpaka majirani wakatoka kutazama. Mwalimu alipokuja alilizunguka gari mara mbili, machozi yakamtoka. Akaniombea dua palepale. Nami nikaitikia amin, jani likiwa shavuni.

Tangu siku hiyo sikutulia. Gari jeupe likipita, nageuka. Simu ikilia, nashtuka. Mwalimu akanisifu Likoni nzima, wateja wakaja kwa jina lake, na kila mteja alikuwa msumari. Nikazidisha majani ili nisifikiri, kumbe majani ndiyo yanayomfikirisha mtu. Mikono ikawa inatetemeka hata kwa kikombe. Mke wangu akaniuliza, "Wewe watafuta nini? Kutwa wazunguka kama uliyepoteza kitu." Nikamfokea. Tangu hapo hakuniuliza tena.

Masika yakapita. Siku moja nikaliona lile gari linaingia kibandani kwangu, polepole. Boneti nikaiona kabla sijamwona mwenyewe. Chini ya plastiki kulikuwa na madoa meupe ya chumvi, na karibu na taa ya kushoto, kutu. Mstari mwekundu, umevimba, urefu wa shubiri. Nikasema moyoni, leo ndiyo leo.

Mwalimu akashuka. Hakugomba. Alisimama mbele yangu ameshika mkoba kwa mikono miwili, akasema, "Fundi, mwanangu, niwie radhi. Nimekuharibia kazi yako. Uliniambia nisilioshe gari siku saba za kwanza, nami siku ya tano nikaliosha. Kunguru walikuwa wamelichafua, sikuweza kuvumilia. Kosa ni langu."

Jamaa zangu, mlango ulikuwa wazi. Ningesema palepale. Nanyi mwajua nilimjibu nini?

Nilimjibu, "Si neno, mwalimu. Hutokea."

Nimefanya mabaya mengi kwa ajili ya muguka, lakini hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Mtu mzima, mjane, ananiomba radhi kwa kosa langu, nami nampa radhi! Nikamwambia aliache gari nyumbani kwake, nitakuja kulitazama. Akaondoka akinishukuru.

Siku mbili nilizunguka. Nilikwenda Mkomani bila haja, nikarudi. Nikaenda Ziwa la Ng'ombe, nikasahau nimefuata nini. Siku ya tatu asubuhi niliyatema majani, nikavuka kwa feri hadi Likoni. Nilimkuta uani kwake akipukuchua mbaazi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kiti."

Sikukaa. Nikasema, "Mwalimu, si sabuni wala si kuosha. Ni wembe wangu." Nikamweleza yote: muguka, maji ya kisima, mchano, plastiki ya pili.

Mikono yake ilisimama juu ya ungo. Akauliza neno moja tu. "Siku ile nilipokuomba radhi, ulijua?"

"Nilijua."

Aliuweka ungo chini. Kisha akasema, "Mchano ningekusamehe palepale. Lakini siku mbili hizi kila nikisali namuomba radhi marehemu, kwamba nimemharibia gari lake. Wewe ukajua, ukaniacha."

 

Akainuka, akasema, "Ing'oe. Hapahapa, mbele ya macho yangu." Plastiki ile haing'olewi kwa nguvu, itaondoka na rangi. Unaimwagia maji ya moto, unaivuta kidogo kidogo, kidole baada ya kidole. Na mimi sina jani mdomoni, mikono inaruka, jasho linanitoka. Kila nilipotetemeka alisema, "Wacha. Pumzika." Akaniletea uji. Nikanywa, nikarudi. Tulianza asubuhi, tukamaliza alasiri, na rangi ya marehemu haikutoka hata punje. Ukabaki mchano na kutu yake, wazi, kila mtu auone. Wallahi nilipumua. Baadaye nilimpelekea mwalimu fundi wa rangi kutoka Changamwe akautengeneza, gharama juu yangu.

Mwalimu ndiye aliyenionyesha mlango wa kikundi hiki. Leo ni mwezi wa nane sijatia jani mdomoni. Namshukuru yeye. Nakushukuru, mama mwenyekiti, kwa kunipigia simu zile wiki za kwanza nilipokuwa nataka kupanda ukuta. Nawashukuru nyinyi mlionivumilia nikizunguka ukumbi huu. Namshukuru mke wangu, ambaye ameanza kuniuliza tena nakwenda wapi.

Juzi nilikwenda kumwamkia mwalimu. Nikamwambia, "Mikono imetulia sasa. Nikuwekee plastiki mpya?"

Akacheka. "Wewe nimeshakusamehe, mwanangu. Gari sikupi."

Iliniuma, siwafichi. Nikamwambia, "Ni haki yako, mwalimu." Akanimiminia chai, tukaendelea kuongea.

Basi wewe uliyekaa hapo na jambo ulilolifunika, nina neno moja kwako. Usingoje uliyemkosea aje akuombe radhi. Mtangulie.