Nyumba ya Bi Helmi Isigande

Benchi la dukani kwangu liko kati ya jiko la kuni na rafu ya misumari, na katika miezi yetu ya theluji, Novemba hadi Aprili, halikosi watu watatu. Mimi nauza vifaa vya ujenzi. Wao wanakunywa kahawa yangu bure na kuniita Bosi. Wa kwanza ni Injinia, yaani Rudy Prebil, aliyetengeneza mashine za mgodi wa chuma miaka thelathini. Wa pili ni Padri, Sulo Maki, aliyetolewa kwaya ya kanisa kwa sababu ya mdomo wake. Wa tatu ni Leroy Hakala, tunamwita Kobe kwa vile anavyoendesha gari. Jumatano ile kipimajoto cha mlangoni kilisoma arobaini chini ya sifuri, umeme ulikuwa umekatika mara mbili tangu alfajiri, na mjadala ulikuwa mmoja tu: mabomba ya nyumba ya Bi Helmi Saarela yasije yakaganda na kupasuka.

Bi Helmi yuko kwenye nyumba ya wazee tangu avunjike nyonga. Kwake hakuna mtu. Lakini alituapisha tusiyatoe maji mabombani, ili mwanawe Dale akirudi akute yanatoka. Huu ulikuwa msimu wa tatu wa baridi tunashika zamu sisi wanne: kuchochea jiko, kuacha koki ya jikoni ichuruzike uzi mwembamba, maana maji yanayotembea hayagandi upesi, kufungua milango ya kabati la sinki joto liyafikie mabomba.

— Waya wa joto tulioulizungushia bomba umekufa, alisema Injinia. Umeme ukikatika, ule ni kamba ya kufungia mzigo tu. Asubuhi nimetambaa chini ya sakafu, bomba limeota barafu kama ndevu za mbuzi.

— Ungelipulizia, akasema Padri. Pumzi unazo, tunazisikia hapa kila siku.

— Cheka tu. Likipasuka lile, sakafu yote imekwenda.

— Basi tufanye kama wazee wetu. Samadi. Babu yangu alizungushia nyumba samadi ya ng'ombe mpaka madirishani, na hakuna bomba lililoganda.

— Babu yako alikuwa na bomba?

— Alikuwa na kisima.

— Nyamaza basi.

— Haya, tumlete ng'ombe mwenyewe, Padri hakukubali kushindwa. Tumfunge chini ya sakafu. Ng'ombe mmoja ni jiko zima, tena hahitaji umeme.

— Na wewe ndiye utakayemwingiza kwa magoti?

Kobe hakucheka. Kahawa yake ilikuwa imepoa mkononi.

— Tutie pombe kali, akasema. Haigandi. Tufunge koki kuu, tujaze pombe mabomba yote.

— Halafu Dale afungue maji anawe uso...

Padri akajikatiza. Jina lilimtoka kabla hajalishika.

Dale alizama. Barafu ya ziwa ilikuwa haijakomaa, mwezi wa Novemba, naye alikuwa juu ya pikipiki yake ya theluji. Wapiga mbizi walimtafuta mpaka ziwa likaganda kabisa, na theluji ilipoyeyuka wakamtafuta tena. Polisi alimwambia Bi Helmi, mchungaji akamwambia. Yeye akawajibu kwamba hawajamwona, kwa hiyo yupo. Amekwenda magharibi kwenye visima vya mafuta, na kazi za huko hazimwachi mtu apige simu. Siku ile ziwani walikuwa wawili. Wa pili alikuwa Kobe.

— Bosi, tuyatoe maji, Injinia alinigeukia. Ni kazi ya nusu saa. Tunafunga koki kuu, tunafungua nyingine zote, nyumba inakaa salama mpaka theluji iyeyuke.

— Hayatolewi, akasema Kobe.

— Leroy, ndugu yangu.

— Nitahamia mle. Nitachochea jiko mwenyewe.

— Una miaka sabini na moja, na moyo wako unaendeshwa na betri.

— Nimeshahamia. Tangu Jumapili.

Hilo hatukulijua; wiki ile zamu ilikuwa yake, na tulidhani usiku anarudi kwake. Padri aliweka kikombe chini.

— Unalala wapi? nikamwuliza.

— Kwenye kiti. Kitandani kwa Dale siwezi.

Mezani kwangu alikuwa amesimama mwanamke akisubiri nimkatie mita tatu za waya wa joto. Corinne, mwalimu mpya wa shule ya msingi, alihamia mwezi uliopita kutoka kusini, na bomba lake la jikoni lilikuwa limeganda kwa mara ya kwanza maishani mwake. Alikuwa anawasikiliza wazee ili ajifunze.

— Samahanini, akasema kwa adabu. Huyo Dale anategemewa kurudi lini? Maana kama ni karibuni...

Kuni zililia jikoni. Injinia, mwenye jibu la kila kitu kuanzia mashine hadi ndoa za watu, alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa, akaivua tena.

— Nimesema vibaya?

— Hapana, mwalimu, akasema Kobe. Umeuliza vizuri.

Kisha akaanza kusema, akimtazama yeye, si sisi.

— Nilikuwa nyuma yake. Mimi siku zote niko nyuma. Aliniambia tukatize ghubani, ni karibu, nikamwambia haya. Sikumwambia ngoja. Nikaona taa yake ya nyuma, halafu sikuiona. Nilitambaa na kamba kwa tumbo mpaka barafu ikaanza kulia chini ya kifua changu. Nikarudi.

— Tunajua, Leroy, akasema Padri taratibu.

— Nyie mnajua. Helmi sijamwambia. Kaambiwa na watu ambao hawakuwepo.

Alinyanyuka akavaa koti.

— Twendeni tukayatoe. Helmi nitamwambia mimi.

Nilimkatia mwalimu waya wake, Injinia akamchorea kwenye mfuko wa kahawa jinsi ya kuufunga kwenye bomba, nami nikafunga duka mchana kweupe. Tulikwenda wanne ndani ya gari la Kobe, polepole, na hakuna aliyemtania.

Injinia alitambaa chini ya sakafu akafunga koki kuu. Padri alifungua ya jikoni. Mimi nilimwaga dawa ya kuzuia kuganda chooni. Ya bafuni aliifungua Kobe mwenyewe. Maji yalitoka kwa nguvu, yakapungua, bomba likakohoa, yakaisha. Alikuwa amekinga kiganja chini ya koki, na aliendelea kukikinga. Tulimsubiri sebuleni na makoti yetu mwilini, jiko likijizimikia, mpaka alipotoka.

Jumapili alikwenda kwa Bi Helmi peke yake. Kesho yake alitusimulia kwa maneno machache. Alimweleza yote, tangu ghuba mpaka kamba. Bi Helmi hakulia mbele yake. Alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwuliza kitu kimoja: siku ile Dale alikuwa amevaa kofia? Kobe akamwambia alivaa, ile ya sufu ya buluu aliyofumiwa na mama yake, na aliishusha mpaka masikioni.