Shangazi, Aliyeifungua Tena Kesi Yake Mwenyewe

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na minne katika maabara yetu ya uchunguzi wa jinai, Shangazi anavua koti jeupe na kukabidhi funguo za chumba cha vielelezo. Ana jina lake kwenye barua ya ajira, lakini ukimuulizia kwa jina hilo pale mapokezi utaambiwa umepotea njia. Kwetu ni Shangazi tu, hata kwa wakubwa waliomzidi umri.

Alianza enzi za darubini na vichupa vya dawa, wakati maabara iliishia kutaja kundi la damu basi. Vinasaba vilipoingia, yaani hiyo DNA inayotajwa kila siku redioni, yeye ndiye aliyetangulia kwenda masomoni. Alirudi na mashine moja na masharti lukuki: glavu, kofia, barakoa, na umbea ubaki korido. Ole wako upige chafya karibu na meza yake.

Tulimwona mnoko, mpaka mwaka ule vinasaba vya mwanamume mmoja asiyejulikana vilipojitokeza katika matukio matatu ya uvunjaji. Polisi wakaanza kusaka jambazi sugu. Shangazi akatupanga foleni, akatupangusa mate kwa pamba mmoja baada ya mwingine, na jambazi akapatikana ghorofa ya pili: mkurugenzi wetu wa wakati huo, bingwa wa kuinamia vielelezo akitoa maelekezo bila barakoa, mate yakivirukia. Mzee wa watu alicheka mpaka machozi. Tangu hapo vinasaba vya kila mfanyakazi vimehifadhiwa, tusije tukajikamata wenyewe.

Wahalifu aliowafikisha kizimbani ni wengi, lakini tunajivunia zaidi mtu aliyemtoa gerezani.

Zamani za kundi la damu, fundi baiskeli mmoja alishtakiwa kwa kumuua muuza duka. Ovaroli yake ilikuwa na damu. Fundi alisema ni yake mwenyewe, alikatwa kidole na mnyororo wa baiskeli. Shangazi, akiwa bado mgeni kazini, aliandika kwamba damu ile ni ya kundi moja na ya marehemu. Ilikuwa kweli tupu. Hakuna aliyeuliza damu ya fundi ni ya kundi gani, na fundi akala kifungo cha maisha.

Mashine mpya ilipozoeleka, Shangazi aliomba kibali cha kupima upya ovaroli ile na kucha za marehemu zilizohifadhiwa. Wakubwa walimsihi aache yaliyopita, maana akikutwa alipotosha mahakama, kila kesi aliyowahi kuigusa ingetiliwa shaka na jina lake lingekwisha. Yeye akang'ang'ana. Alisema mezani kwake hakuna kesi ya zamani ilhali mtu bado yuko ndani.

Majibu yakatoka: damu yote kwenye ovaroli ilikuwa ya fundi mwenyewe. Chini ya kucha za marehemu kulikuwa na vinasaba vya mtu mwingine kabisa, mwizi aliyekwisha kufungwa kwa makosa mengine. Mwizi huyo alihukumiwa, na mahakama ya rufaa ikamwachia fundi huru. Siku ile maabara nzima tulishangilia kama watoto, barakoa zikining'inia shingoni, na kwa mara ya kwanza Shangazi hakumkaripia mtu.

Siku fundi alipotoka, Shangazi alikwenda mwenyewe mpaka lango la gereza, akasimama kando ya mama yake fundi, akiwa na hofu ambayo hatujawahi kumwona nayo. Alimwambia fundi kwamba ripoti ile ya kwanza ilikuwa ya mkono wake, akamwomba radhi. Fundi akamjibu kwamba waliomfunga walikuwa wengi, aliyerudi kumfuata ni mmoja. Mama mtu akamshika Shangazi mkono na kumwita mwanangu.

Fundi atakuwa meza ya mbele kwenye hafla yetu ya kumuaga Shangazi, na ameshatuonya tusithubutu kumhamisha.

Asante, Shangazi, kwa kutufundisha kazi na kutuvumilia. Mungu akupe afya, usingizi wa kutosha na siku nyingi za kucheka na wajukuu. Kuna mama anayelala akijua mwanawe yuko chumba cha pili. Nawe kalale, umemaliza.