Mama Kibali na Mlango Mmoja wa Watengeneza Filamu

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mlioacha shughuli zenu kuja kumsindikiza dada yangu, nimepewa kazi hii kwa sababu ndiye aliyeniachia ziwa, na pia kwa sababu wenzangu wote wameikataa, kwa hiyo nivumilieni.

Marehemu, ambaye wengi mnamjua kama Mama Kibali, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya posta kuu, akiwa mtoto wa pili kati ya sita wa baba aliyekuwa tarishi na mama aliyekuwa fundi cherehani, akasoma shule ya msingi ya mtaani kwetu kuanzia 1968 hadi 1974, kisha sekondari ya wasichana hadi 1978, na chuo cha uhazili alikohitimu Desemba 1980, akiwa wa kwanza kwa kasi ya kupiga chapa na wa mwisho kwa kunyamaza.

Tarehe 2 Februari 1981 aliajiriwa wizarani, na tarehe 20 Desemba 1986 akafunga ndoa na shemeji yetu, fundi umeme aliyekuja kutengeneza feni ya ofisi, akaitengeneza mara tatu katika wiki moja ingawa haikuwa mbovu, wakajaliwa watoto watatu, wa kwanza mwalimu, wa pili muuguzi, na kitindamimba, aliyezaliwa 1995, mpiga picha za filamu.

Julai 1999 watengeneza filamu kutoka nje walikuja kutafuta mahali pa kupigia picha, wakazungushwa ofisi kumi na moja kwa siku tisa, hapa njoo kesho, kule mwenye muhuri amesafiri, mwisho wakafunga virago wakaenda nchi jirani, na dada yangu ndiye aliyeichapa barua ya kuwaaga. Ilimuuma. Akaomba uanzishwe mlango mmoja, mgeni alete ombi moja la kibali na apate jibu ndani ya siku tatu, wakubwa wakamcheka, wakasema nchi yenyewe ukipiga chafya mpaka wa mashariki, wanaokwambia afya ni wa mpaka wa magharibi, nani ataleta kamera. Akawajibu kwamba hapo ndipo penye faida yetu, kwa kuwa msitu, mlima na mji mkongwe vyote viko ndani ya mwendo wa saa mbili, na wenye mihuri wote wanafikiwa kwa miguu kabla ya chakula cha mchana. Alihangaika karibu miaka mitano, na tarehe 1 Machi 2004 akapewa chumba chini ya ngazi, meza moja na simu, ndipo jina la Mama Kibali likaanza, kwanza kwa kejeli.

Sitawapaka mafuta kwa mgongo wa chupa, alikosea pia. Septemba 2007 kampuni kubwa ya kwanza ilichagua mtaa wa mafundi cherehani kwa sababu ya kuta zake zilizochakaa, naye akamwambia mwenyekiti wa mtaa kwamba wageni wanarudi baada ya wiki mbili, pawe tayari, bila kusema tayari kwa namna gani, na kwa kuwa sisi hatupokei mgeni penye uchafu, wakazi wakajitolea, wakapaka mtaa mzima chokaa nyeupe na milango buluu, hata mitaro ikasuguliwa. Mwongozaji aliposhuka garini aliketi ukingoni mwa barabara, akashika kichwa. Dada yangu hakumsukumia mwenyekiti lawama, alisimama mbele ya wote akasema kosa ni lake, akaomba siku nne, na kwa siku hizo nne wakazi walewale, wakiongozwa na shemeji, wakapiga kuta msasa, wakazipaka masizi, maji ya chai na udongo, huku wakilalamika kwamba hawajawahi kuona serikali inayoomba uchafu. Fundi mmoja mzee alikataa katakata kuuchafua mlango wake, akaachiwa, kamera ikaupita kando. Wageni wale walikaa wiki saba, na mwaka uliofuata wakaleta wenzao.

Hatukushinda kila mara, kwani majirani zetu wakubwa wana studio pana na misamaha ya kodi tusiyoiweza, na mwaka 2012 filamu aliyoihangaikia miezi kumi ilituponyoka, akalia chooni, akanawa uso, akawapigia simu kuwatakia heri. Alizoea kusema kwamba mkubwa akivunja ahadi husamehewa, mdogo hana nafasi hiyo. Leo tuna mafundi wa taa, wapambaji, washonaji wa mavazi ya waigizaji, na tamthilia yetu wenyewe ya televisheni, iliyoanza 2016 na sasa inatengenezwa kwa ubia na kituo cha nje.

Februari 2022 figo zake zilianza kushindwa, akawa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki katika hospitali kuu, ambako alitia saini vibali kwa mkono mmoja huku wa pili ukiwa na sindano, wauguzi wakimgombeza kwa zamu. Jumanne tarehe 7 Novemba 2023 alituita, akauliza ratiba ya tamthilia, akaambiwa kwamba Jumatatu inayofuata ni zamu ya stesheni ya reli, ambayo itafungiwa abiria kwa siku hiyo moja tu ili picha zipigwe, na wabia watakuwepo kuamua kama wataendelea nasi. Akaagiza kwamba hata akifa, picha zipigwe. Mimi nilipinga, nikamwambia dada, watu watatusema, akanijibu kwamba watu wamemsema tangu 1999 na hajapungua hata kilo moja kwa ajili yao. Alifariki Alhamisi tarehe 9, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mumewe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia, majirani waliolala nasi msibani, na wafanyakazi wenzake, ambao mnaona viti vyao ni vitupu. Tena nimeona mnavyomtafuta kitindamimba kwa macho. Yuko stesheni, nyuma ya kamera, tangu saa kumi na mbili asubuhi, jana alimuaga mama yake peke yake mochwari, akatoka akaenda kuchaji betri. Naomba msimlaumu, mwenye neno aje kwangu mimi niliyepinga. Dada, leo ni Jumatatu na hakuna kilichoahirishwa, ahadi yako mwanao anaitimiza, pumzika sasa, pumzika kwa amani.