Karatasi ya Nesi

Ndugu zangu, sifa zimrudie Mungu aliyeniamsha leo, nami nikashukuru kuamka. Si kila asubuhi nilishukuru.

Mnanijua, mzee wa kanisa hapa Njiru, fundi wa vitanda sokoni Gikomba. Tangu tulipomzika mama wa watoto wangu, kila Jumapili niliinuka na kusema, "Nimeokoka, nampenda Bwana, sina la kulalamika." Kisha nilirudi nyumbani, nikakaa na viatu miguuni hadi jioni, bila kula.

Siku moja nilikwenda kliniki ya presha. Nesi, binti mdogo, akanipa karatasi ya maswali. Kwa wiki mbili zilizopita, ni siku ngapi umekosa usingizi? Umejiona huna maana? Niliitilia shaka karatasi ile. Mtu amekuja na presha, anaulizwa usingizi wa nini?

"Hii itasomwa na nani?" nikauliza.

"Mimi na daktari, guka," akasema, akiniita babu kwa Kikuyu.

"Na kanisa?"

Akacheka. "Kwani guka unaabudu hapa?"

Sikucheka. Niliwaza: wakiandika nina wazimu, nitakalishwa nyuma na kiti changu apewe mwingine. Nikaweka alama kote: hata siku moja. Swali la mwisho liliuliza kama nimewahi kuona heri nife. Hapo pia, hata siku moja.

Nesi aliitazama karatasi, kisha mshipi wangu, niliokuwa nimeutoboa matundu mawili mapya kwa msumari. Akavuta kiti karibu.

"Guka, hapa umenitolea ushuhuda. Mimi nilikuuliza habari."

Nilikasirika, nikashika kofia niondoke. Ndipo nikakumbuka kwamba asubuhi ileile nilimwomba Mungu anichukue. Nilikuwa nimedanganya, na kalamu ingali mkononi. Nikaketi.

"Hilo la mwisho," nikasema, "ni kila siku."

Ndugu zangu, hakuna aliyeniita mwendawazimu. Niliketi na mshauri kila Alhamisi. Nilipewa dawa, nami nikakagua kila kidonge kama mbao ya kununua gizani. Polepole njaa ikarudi. Karatasi zao bado nazisoma mara mbili, lakini najibu kweli. Mungu ndiye aliyeniokoa, kwa mkono wa binti aliyeikataa amina yangu.

Sasa nimewaambia nanyi. Kiti changu, mkitaka, kichukueni. Na wewe unayesoma ushuhuda huu, Bwana akupe mtu wa kumpa habari zako za kweli, na kesho uamke ukishukuru kuamka.