Mtuachie Daktari Mpaka Koti Azae

Mgeni rasmi ambaye ndiye Mkuu wa Mifugo, Daktari wetu, wenzetu wa Kikundi cha Ushindi mliovuka kijito kuja kutusikiliza, wafugaji wote, na nyinyi wajukuu mliokaa juu ya ukuta wa zizi, shukeni kabla haujaanguka:

UKARIBISHO

Sisi wanachama wa Kikundi cha Wafugaji wa Kondoo cha Subira tunakukaribisha kwa mikono miwili, ingawa mmoja ulikuwa bado umeshika fagio gari lako lilipotokea. Tulikutazamia saa tatu. Sasa inakaribia saa saba. Hatulalamiki. Tunajua ulianzia Ushindi, na mtu akianzia Ushindi hatoki mapema, maana wana viti vya kuegemea na birika lao halikauki. Tumeliona na shada la maua ulilovikwa. Sisi pia tulikuwa tumekuandalia letu, lakini shingo ni moja. Tumeliweka hapo mezani mbele yako. Tafadhali usiondoke bila kulichukua.

Tunakushukuru kwa jambo moja ambalo pengine kwako si jambo. Uliposhuka garini ulimkuta kondoo amelala katikati ya njia, nawe ukamzunguka, hukumswaga. Kondoo yule ana mimba ya miezi minne. Wanawake wote waliokuwa mlangoni walikuona, na mmoja akasema, "Huyu amelelewa na mama." Tukasema tuliandike.

TULIKOTOKA

Kikundi hiki kina miaka tisa. Tulianza wanawake tisa na mwanamume mmoja, fundi seremala, ambaye alikuja siku moja kututengenezea mlango wa zizi na mpaka leo hajaondoka. Tulikuwa na kondoo saba na ghala hili kuukuu la matofali, lililokuwa limejaa magunia matupu na nyuki.

Wakati huo Ushindi haikuwapo. Wote tulikuwa kitu kimoja. Kondoo walipoongezeka, malisho ya upande huu yakawa hayatoshi, na mdogo wangu mimi katibu, wa tumbo moja, ambaye ndiye mwenyekiti wa Ushindi na amekaa pale karibu nawe, mgeni rasmi, akasema yeye na wenzake watahamia ng'ambo ya kijito penye majani marefu. Tuligawana kwa haki, jike kwa jike. Kengele zilikuwa tano. Zote tano zilikwenda ng'ambo. Hakuna aliyeiba, kondoo waliozivaa ndio walioangukia fungu lao. Lakini tangu siku ile watu humwita mdogo wangu Mama Kengele, na sisi kila asubuhi tukifungua zizi tunasikia za kwao zikilia upande wa pili, ngili-ngili, ngili-ngili, kama mtu anayetikisa funguo za nyumba mpya.

TUNAYOJIVUNIA

Leo tunao majike arobaini na sita na dume moja, tunayemwita Bwana Harusi. Tumetenga vyumba vinne vya kuzalia ndani ya ghala, kila kimoja kina majani makavu, ndoo ya maji na kamba safi. Tumejifunza kumtambua jike anayekaribia kuzaa: hujitenga na wenzake, huparapara chini, hulala na kuinuka, halafu hukutazama kana kwamba wewe ndiye uliyemponza. Tunajua kupaka kitovu dawa. Tunajua kwamba mwanakondoo ni lazima anyonye dang'a, yale maziwa ya kwanza mazito ya manjano, mapema iwezekanavyo, la sivyo hata ukimfunika blanketi lako la harusi hatapona.

Haya yote ametufundisha Daktari. Vyeti vyake hatuvijui. Sisi tunamwita Daktari kwa sababu huvua saa yake kabla ya kumshika kondoo, asije akamkwaruza. Mara ya kwanza alipofika, fundi seremala alimuuliza, "Mwanangu, mikono midogo hivyo utamvuta kondoo?" Akajibu, "Baba, mlango ni mdogo. Hiyo yako ingepita wapi?" Tangu siku hiyo fundi humwachia kiti chake.

YANAYOTUSUMBUA

Hapa, mgeni rasmi, wanachama walitaka tuandike juu ya paa linalovuja na barabara. Paa linavuja kweli, utaliona. Lakini tulipokaa kuandika, tuliona kinachotusumbua zaidi ni wivu, na tukakubaliana kwa kura kwamba tuuseme wenyewe kabla hujausikia kwa wengine.

Tunawaonea wivu Ushindi. Tunauonea wivu ukuta wao uliopakwa chokaa. Tunaionea wivu ile kalenda yao yenye picha ya mdogo wangu amembeba mwanakondoo anayetabasamu. Hatujui walimfanyaje mnyama akatabasamu. Kalenda hiyo tunayo hata sisi, imetundikwa bandani, kwa sababu tunahesabia miezi ya mimba na tarehe zake hazina kosa. Ile picha tuliibandika kipande cha gunia.

Na wivu huu umetuulia kondoo. Tutaeleza.

Mwaka juzi tulisikia kwamba Ushindi watamwachia dume lao Jumatatu. Sisi tulikuwa hatujajiandaa. Lakini mwanachama mmoja akasema, "Mnataka tuonekane wa pili?" Basi Jumatatu hiyo hiyo, kabla ya adhuhuri, tukamfungulia Bwana Harusi. Hakuna aliyekaa akahesabu miezi mitano mbele. Miezi mitano ilipotimia, majike ya pande zote mbili yalianza kuzaa wiki moja, na Daktari ni mmoja, ana pikipiki moja na mkoba mmoja. Akiwa huku anaitwa kule. Akiwa kule anaitwa huku. Siku moja tulimwona amesimama katikati ya daraja, simu mbili zinamlilia, hajui ageukie wapi. Mwaka ule tulipoteza wanakondoo kumi na mmoja na majike matatu. Ushindi walipoteza tisa.

Mwaka jana tulisema tumejifunza. Tukawachungulia. Jumatatu ikapita, dume lao liko kambani. Wiki ikapita. Tukaambiana, "Hawa wamegundua kitu. Labda kuna majani wanayasubiri." Na sisi tukamfunga Bwana Harusi, akapiga mlango kwa pembe mpaka fundi akauongezea ubao. Wiki ya tatu walipomwachia lao, nasi tukamwachia letu, tukajiona wajanja. Wakazaa pamoja tena. Tukapoteza wanakondoo wanane.

Baadaye ndipo tulipoambiwa kwamba Ushindi hawakugundua majani yoyote. Mdogo wangu alikuwa amelizuia dume lao wiki mbili makusudi, ili sisi tutangulie, Daktari atuhudumie kwanza. Nilimuuliza, "Mbona hukusema?" Akanijibu, "Dada, ningekwambia tangulia, ungekubali?"

Nisingekubali. Hilo liandikwe pia.

Kuna jambo lingine la mwaka juzi. Katika wiki ile mbaya, jike letu liitwalo Shingo Nyeupe lilizaa mtoto aliyekufa. Daktari alikuwa Ushindi, kwa sababu walimpigia kabla yetu. Tulikuwa tumekaa hapa mlangoni tumefura, mmoja wetu anasema, "Wenye kengele ndio wenye daktari," mara tukamwona mdogo wangu anavuka daraja mchana kweupe, amekunja upindo wa kanga, na ndani ya upindo kuna kitu kinachopiga mateke. Alikuwa na chupa ya chai, na ndani ya chupa hamkuwa na chai, bali dang'a yenye joto lake.

Fundi akasema, "Umekuja kutuonyesha wako walio hai?"

Mdogo wangu aliweka chupa chini. Akasema, "Shemeji, nipe kisu chenye makali, na uniondolee maneno."

Alimchuna yule mwanakondoo aliyekufa, polepole, asiharibu ngozi, akatoboa matundu manne ya miguu. Kisha akamtoa wa kwake upindoni, mmoja wa mapacha watatu ambao mama yao hakuwa na maziwa ya kuwatosha, akamnywesha dang'a kidogo, akamvisha ile ngozi kama mtu anavyomvisha mtoto sweta. Akamsukuma mbele ya Shingo Nyeupe. Kondoo hamtambui mwanawe kwa macho, anamtambua kwa harufu. Shingo Nyeupe akanusa mgongoni. Akanusa mkiani. Tukasimama wote hatupumui. Halafu akaguna ile sauti ndogo ambayo kondoo humgunia mtoto wake tu, na yule mgeni akapiga magoti akanyonya.

Hakuna aliyesema asante. Tunaona haya kuisoma sentensi hiyo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Siku ya tatu tuliivua ile ngozi, naye Shingo Nyeupe hakujali tena. Mwanakondoo yule tukampa jina Koti. Ni jike. Ndiye yule uliyemzunguka pale njiani, mgeni rasmi.

OMBI LETU

Mwaka huu tulifanya jambo ambalo hatujawahi kulifanya. Tulikwenda Ushindi, tukakaa katika vile viti vya kuegemea, tukakubaliana: wao watangulie, sisi tungoje wiki tano. Walipomwachia dume lao, la kwetu lilibaki kambani. Watu wa sokoni walitucheka. Waliuliza kama Bwana Harusi amefiwa. Wiki tano, mgeni rasmi, kila asubuhi tunasikia kengele za kwao na vishindo vya wetu mlangoni. Tulivumilia, kwa sababu mpango ulikuwa mzuri: Daktari awazalishie wao mpaka wamalize, ndipo avuke kuja kwetu, mkono mmoja, mkoba mmoja, pasipo kusimama darajani.

Kondoo wa Ushindi wameanza kuzaa wiki iliyopita. Mpaka jana hawajapoteza hata mmoja. Tumefurahi. Tumefurahi kwa taabu kidogo, lakini tumefurahi.

Kisha ikaja barua kutoka ofisini kwako. Inasema Daktari anahamishwa mwisho wa mwezi huu. Wa kwetu wanaanza kuzaa wiki ya kwanza ya mwezi ujao.

Barua iliposomwa, palizuka kelele humu ghalani. Mmoja alisema, "Mmeona? Tumewapisha mlangoni, wameingia na daktari, wamefunga." Mwingine alitaka tukawarushie mawe kwenye chokaa. Mimi niliyeshika karatasi hii nilivuka daraja peke yangu, nimejaa maneno ya tangu utoto wetu, hata ya mwanasesere aliyenivunjia. Nilimkuta mdogo wangu amepiga magoti kwenye majani, mikono imeloa mpaka kiwikoni. Nikamwambia, "Umeshinda tena." Akaniambia, "Dada, shika mguu huu." Nikashika. Tulipomaliza, pacha wawili wazima, akanawa akasema, "Mkuu wa Mifugo anakuja kwangu tarehe nane. Nimemwandikia kwamba kama hatavuka kijito, asije."

Kwa hiyo hata kuja kwako hapa, mgeni rasmi, ni wema wake, na tumeuonea wivu wema huo pia. Tulitaka uje kwa barua yetu. Barua yetu tuliituma. Pengine bado iko njiani.

Ombi letu ni moja, na hatukulichanganya na paa ili lisipotee. Tunaomba Daktari asihamishwe mwisho wa mwezi huu. Tunaomba wiki sita. Hatuombi daktari wa pili, wala daktari wa kwetu peke yetu. Katika hao arobaini na sita, kumi na wanne wanazaa kwa mara ya kwanza, na Koti ni mmoja wao. Juzi Daktari alimpapasa tumbo, akarudia mara mbili. Tulipomuuliza akasema, "Ni mkubwa, na amelala vibaya. Siku hiyo nataka niwepo." Kisha akavaa saa yake. Mikono yetu, mgeni rasmi, ni mipana. Ya fundi umeiona.

Huko anakohamishiwa wako kondoo pia, na wana bibi zao wanaomngoja. Hao nao tunawaonea wivu tayari, lakini tunajua wana haki. Waambie ni wiki sita tu. Waambie tunajua kungoja kulivyo, tumengoja na Bwana Harusi.

Baada ya risala hii tutakutembeza bandani. Utaiona kalenda. Asubuhi, tulipokuwa tukifagia, mtu alikibandua kile kipande cha gunia, na hatujataka kuuliza ni nani. Kimeacha alama ya gundi kwenye paji la uso la mdogo wangu. Atatusamehe.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu akurudishe nyumbani salama, akupe usingizi mwepesi na kalamu nyepesi. Awalinde majike yaliyo ng'ambo na yaliyo huku, na amlinde Daktari katika pikipiki yake popote utakapompeleka, baada ya wiki sita.

Na iwapo Koti atazaa salama, na mtoto akawa jike, tumepiga kura, mikono yote ikapanda, wangu ukapanda wa mwisho: akishaacha kunyonya tutamvusha kijito, akakae na bibi yake mzaa mama. Wamvishe kengele. Tutamsikia tukiwa huku.

Ni sisi wenu,
Kikundi cha Wafugaji wa Kondoo cha Subira.
Imesomwa na katibu, dada yake Mama Kengele.