Bibi Vifungo, Aliyefundisha Herufi kwa Unga na Vitambaa

Wasikilizaji wapendwa, punguzeni moto kama kuna sufuria jikoni, na mwenye mtoto mapajani amkalishe vizuri. Saa hii tumeiweka kwa ajili ya mtu mmoja aliyetutoka. Tunamkumbuka Bibi Vifungo.

Bibi Vifungo alikuwa fundi cherehani. Alishona sare za shule. Lakini wengi waliomsindikiza kaburini hawakwenda kwa sababu ya sare. Walikwenda kwa sababu aliwafundisha herufi wakiwa bado hawajui kufunga viatu. Aliwafundisha wao, akawafundisha wadogo zao, na mwishowe akawafundisha watoto wao. Narudia kwa waliofungua redio sasa hivi: tunamkumbuka Bibi Vifungo, fundi cherehani, aliyefundisha watoto wadogo herufi katika chumba cha mbele cha nyumba yake.

Alifariki asubuhi, amekaa kwenye kiti chake cha kazi. Moyo ulisimama. Mguu ulikuwa bado uko kwenye kanyagio. Aliyemkuta ni binti yake, kitinda mimba, ambaye ni dobi wa hospitali na alikuwa akiishi naye. Binti aliutoa mguu wa mama yake kwenye kanyagio, akauweka chini taratibu. Kisha akachukua mkasi, akakata uzi. Ndipo akaenda kumwita kaka yake.

"Nilikata uzi," ametuambia. "Sijui kwa nini. Mama hakupenda nguo iachwe na uzi unaning'inia."

Hakulia. Hakulia siku ile, wala mazikoni. Alipanga viti vya wageni. Alichemsha chai. Alikunja nguo za mama yake kama anavyokunja shuka za wagonjwa, kona kwa kona. Jikoni kulikuwa na wanawake wawili wanaosuuza vikombe, na yeye yuko mlangoni.

"Macho makavu kama ya mdoli," mmoja alisema.

"Mwache," mwenzake akajibu. "Kila mtu na msiba wake. Wewe suuza vikombe."

Binti aliwasikia. Anasema ilikuwa kama wanamsengenya mtu wa nyumba ya pili. Wasikilizaji wapendwa, wapo miongoni mwetu wanaoijua ganzi hiyo. Mguu ukifa ganzi haina maana kwamba umekatika. Tusiwapime wafiwa kwa machozi. Mwenyezi Mungu ndiye anayeona ndani.

Sasa turudi nyuma, tuanze pale alipoanzia.

Bibi Vifungo alikuwa mama kijana mwenye lundo la sare mezani na mtoto mmoja mtundu miguuni. Mtoto huyo ndiye kifungua mimba wake, ambaye leo ni fundi bomba. Alivuta kila uzi aliouona. Siku moja mama yake, maji yamemfika shingoni, alimpa kopo la vifungo ili apate kupumua. Mtoto akavimwaga, akaanza kuvipanga mstari. Mama akamtazama. Akachukua chaki ya kushonea, akachora sakafuni herufi ya kwanza ya jina la mtoto, kubwa kama sinia, akamwambia, "Panga hapo juu ya mstari. Usitoke nje." Mtoto akapanga. Mama akamaliza kola tatu bila kuitwa.

"Kunyamaza kwangu ndiko kulikoanzisha shule," anasema fundi bomba. "Angejaliwa mtoto mpole, mtaa huu usingesoma."

Jirani wa kwanza kuleta mtoto alikuwa kinyozi. Alileta mkubwa wake, na miaka ikapita akaleta mjukuu, binti mdogo ambaye mtamsikia mbele. Baada ya kinyozi wakaja wengine. Mama wa watu akawa na chumba kimejaa watoto upande mmoja na cherehani upande wa pili.

Hakuwa na vitabu vya picha. Alikuwa na mabaki ya vitambaa. Alikata herufi mbili mbili, akazishona, akazijaza pamba, zikawa kama mito midogo. Herufi zote zilikaa katika mfuko mmoja wenye mdomo mwembamba. Mtoto alitumbukiza mkono bila kuchungulia, akashika, akataja. Asiyejua kwa mkono hakuhesabiwa kuwa anajua. "Macho yana haraka," Bibi alikuwa akisema. "Mkono hauna haraka."

Wa miaka miwili hawakupewa vifungo, maana hao kila kitu hukila. Walipewa unga uliokandwa kwa maji na chumvi, wakauviringa kama nyoka, wakamkunja nyoka akawa S. Wakubwa zao walipewa sinia lenye unga mkavu, wakaandika kwa kidole, wakatikisa sinia, herufi ikafutika, wakaanza upya. Walibana vibanio vya nguo kwenye kamba chini ya herufi aliyoitaja. Waliruka kutoka herufi hadi herufi kwenye sakafu ya chaki, na aliyekanyaga isiyo yenyewe alirudi mwanzo, na walicheka wote.

Hakuanza na A. Alianza na herufi ya jina la mtoto mwenyewe, kisha ndipo akafuata mfuatano wa kawaida. "Ajisome yeye kwanza," alisema, "dunia itamngoja." Wala hakutaja jina la herufi kabla ya sauti yake. M haikuwa "ma" wala "em". Ilikuwa mmmm, kama mtu aliyeonja kitu kitamu.

Lakini asije mtu akafikiri hakukosea. Alikosea, na kosa lake lilijulikana mtaa mzima. Kundi lake la kwanza alilifundisha huku amekaa kwenye cherehani, watoto wamekaa ng'ambo ya meza wanamtazama. Yeye aliandika kwenye unga upande wake. Wao walijifunza walichokiona upande wao. Hakuna aliyegundua. Watoto walipoanza darasa la kwanza, mwalimu alifunga safari hadi kwa Bibi Vifungo akiwa na daftari mkononi.

"Mama," akamwambia, "watoto wako wanaandika kama popo."

"Kama popo vipi?"

"Kichwa chini."

Bibi alilitazama daftari. Akaligeuza. Kila kitu kikasomeka. Alicheka mpaka akavua miwani. Lakini mchana ule ule alimtuma fundi seremala ampunguzie kigoda miguu, na tangu siku hiyo alikaa upande wa mtoto, nyuma ya bega lake, mkono wake juu ya mkono wa mtoto. Ikawa ndiyo kanuni ya nyumba ile. Sare zilisubiri.

"Popo wa kwanza ni mimi," anasema fundi bomba. "Mpaka leo nikichora mchoro wa bomba, mteja anaugeuza kwanza."

Watu wakimsifu, walimwambia, "Samaki mkunje angali mbichi." Yeye akajibu, "Samaki sawa. Mtoto msimkunje. Mkunjueni."

Huyo ndiye Bibi Vifungo. Fundi cherehani, mama wa watoto watatu, mwalimu wa wasiojua bado kufunga viatu.

Sasa sikilizeni lililotokea baada ya maziko, maana ndilo lililotuleta kwenye kipindi hiki.

Bibi aliondoka akiacha kundi la watoto waliokuwa wamefika nusu ya safari. Walikuwa wamefika M. Muhula mpya wa shule ulikuwa hauko mbali, na Bibi alikuwa amewaahidi wazazi kwamba hakuna atakayeingia darasani na nusu ya herufi. Ndugu walikaa kikao. Shangazi, dada yake marehemu mume wa Bibi, ndiye mkubwa wa familia aliyebaki. Alisema chumba cha mbele kifungwe. Msiba bado mbichi, na nyumba ya msiba si mahali pa kurukaruka.

Fundi bomba alikubali. Dada wa kati alikubali. Kitinda mimba aliuliza, "Na watoto?"

"Wana wazazi wao," shangazi akasema. "Wewe ni dobi, mwanangu. Si mwalimu."

"Mama alikuwa fundi cherehani."

"Usinijibu hivyo."

"Sikujibu, shangazi. Nasema tu."

Shangazi akamtaka aende mlango kwa mlango awaambie wazazi. Binti akaitikia. Lakini siku zikapita, na hakwenda. Si kwa ubishi. Anasema kila alipovaa viatu, alijikuta amekaa kitandani na viatu miguuni. Hakuhisi huzuni. Hakuhisi chochote. Kazini alitia mikono kwenye maji ya moto, mwenzake akamwambia, "We, yanaunguza hayo," naye akaitoa kwa sababu ameambiwa.

Basi wazazi hawakuambiwa. Jumatatu asubuhi watoto wakaja.

Wakavua viatu mlangoni kama walivyozoeshwa. Wakakaa. Binti akawatazama, nao wakamtazama. Mfuko wa herufi ulikuwa msumarini.

"Mimi si Bibi," binti akawaambia.

"Tunajua," akasema yule mjukuu wa kinyozi. "Bibi amekufa. Leo ni herufi gani?"

Hakuna mtu mzima aliyewahi kumwambia hivyo tangu msiba uanze. Watu wazima walisema ametangulia, amepumzika, ameitwa. Yote ni kweli, tunamwamini Mola. Lakini binti anasema neno lile la mtoto lilikuwa la kwanza kumfikia.

"N," akajibu.

"Inafanywaje?"

Hapo alikwama. Kila herufi ilikuwa na namna yake ya mkono katika nyumba ile, na ya N alifundishwa akiwa na miaka mitatu. Hakuikumbuka. Alikanda unga na chumvi ili apate muda. Akauviringa. Akaukata vipande, akasimamisha kimoja, akasimamisha cha pili, akalaza cha tatu kutoka juu ya huyu hadi miguuni pa yule. Kisha akasikia mdomo wake mwenyewe unasema, "Huyu mrefu amechoka, anamwegemea ndugu yake." Watoto wakarudia. Kumbe ndivyo mama yake alivyosema. Mkono ulikuwa umeitunza.

Akaenda kwa mtoto wa kwanza, akainama nyuma ya bega lake, akamshika mkono. Unga ulikuwa wa baridi. Aliuhisi.

Shangazi akaingia. Alikuja kuona kama chumba kimefungwa. Akasimama mlangoni, mkoba kifuani.

"Msiba haujapoa, mnacheza unga?"

"Hawachezi, shangazi," binti akasema, hakuacha mkono wa mtoto. "Wanasoma. Nimeomba hospitalini nihamie zamu ya mchana." Hakuwa ameomba bado. Aliomba siku ile ile.

Mjukuu wa kinyozi akasogea kidogo, akapapasa sakafu kando yake. "Kaa hapa," akasema. "Usikanyage herufi ya mwenzangu."

Shangazi akavua viatu. Tulipomuuliza kwa nini, alitujibu hivi: "Ningesemaje? Nilikuja kufunga mlango. Nikapewa kipande cha unga."

Wasikilizaji wapendwa, binti bado hajalia. Tulimuuliza kwa upole, akasema, "Bado." Hatukumsukuma. Siku yake itafika kwa wakati wa Mungu.

Kwa niaba ya wote wanaotusikiliza, tunatoa pole kwa kitinda mimba, kwa kaka yake fundi bomba, kwa dada yao wa kati, kwa shangazi, na kwa watoto wote waliopoteza bibi asiye wa damu yao. Mwenyezi Mungu ampumzishe Bibi Vifungo mahali pema, na awatie nguvu mliobaki.

Nanyi mlio na mtoto mdogo nyumbani, tafakarini jambo moja. Unga mnao. Sinia mnalo. Kaeni upande wake, mchore herufi moja ya jina lake, mmwachie kidole chake kipite. Moja inatosha kwa leo.

Familia imetuomba tufikishe tangazo, nasi tunalifikisha. Wazazi wa watoto wa Bibi Vifungo, chumba cha mbele kiko wazi kila asubuhi kama zamani. Watoto waje wamenawa mikono.