Chungu cha Ijumaa cha Maman Adolphine

Wapendwa waombolezaji, mapadre na masista, majirani wa Kadutu na jamaa mliotoka Katana, Kalehe na Kamanyola, familia inawaomba mtulie kidogo, tena mtulie mkijua kwamba leo ni Ijumaa ya Kwaresima, tarehe 13 Machi 1959, na kwamba harufu ya maharage mnayoisikia kutoka nyuma ya nyumba si ya chakula chenu.

Marehemu Adolphine Nsimire alizaliwa Katana mwaka wa 1921, binti wa tatu wa mzee Mushagalusa, mkulima, na mama Eulalie, akabatizwa tarehe 24 Desemba mwaka huohuo, na wazee wanasema alipomwagiwa maji alilia kwa nguvu hata padre akapotea katika sala zake, jambo tunaloliamini, kwa sababu kunyamazishwa hakukujua tangu siku ile mpaka jana.

Alisoma kwa masista kuanzia 1930 hadi 1934, akajua kusoma, kushona na katekisimu, na kama wenzake wa darasani walio hapa wanavyokumbuka, akiulizwa alijibu, asipoulizwa pia alijibu. Tarehe 6 Agosti 1938 alifunga ndoa na Philémon Bulonza, fundi mwashi, wakahamia katika mji huu ulipokuwa bado unaitwa Costermansville, wakapata nyumba hapa Kadutu, na Mungu akawajalia watoto wanne, Anne-Marie, Isidore, Colette, na Pascal aliyechukuliwa na surua mwaka wa 1949 akiwa hajaanza kutembea. Kazi yake ilikuwa kuuza ndagala sokoni, zile dagaa kavu zinazopandishwa kutoka Uvira kwa njia ya Kamanyola, na waliozoea kununua kwake wanajua kwamba maneno matamu hayakumlegeza hata kidogo, ila mwenye njaa hakuhitaji kusema neno.

Mwaka wa 1952, siku chache kabla ya Kwaresima, Colette alilazwa hospitalini, na mama yake, akimpelekea bugali kila jioni, aliona katika kitanda cha pili mtu aliyegeuza uso ukutani kila bakuli lilipofunguliwa, kwa maana hospitali inatoa kitanda na dawa, lakini chakula kinatoka nyumbani, na kwa mchimba dhahabu kama yule, aliyetoka Mwenga au Shabunda, nyumbani ni mbali mno. Adolphine alirudi na hasira, akawaita wanawake wa uchochoro huu uani kwake, wakapatana kwamba kila Ijumaa ya Kwaresima hakuna nyumba itakayopika jioni, watasali Njia ya Msalaba pamoja, na unga na maharage ambayo wangekula yataingia katika chungu kimoja, kwa ajili ya wagonjwa wasio na mtu. Chungu hicho alikibeba yeye kichwani, miaka yote, na mvua ya Machi ikimpiga.

Kwaresima ya mwaka wa 1957 aliletwa hospitalini mgonjwa aitwaye Kitoga, mchimbaji wa Shabunda aliyevunjwa mguu na mwamba, mtu asiyebatizwa, na tena alisemekana kuwa wa dini iliyokatazwa na serikali. Adolphine alimlisha kama wengine. Papa Polycarpe, katekista wetu, alisikia, na Jumapili ya Matawi akatangaza mbele ya watu wote kwamba sadaka ya Kwaresima ni ya watoto wa Kanisa, na kwamba Adolphine hatapokea komunyo ya Pasaka mpaka aahidi kumruka mtu yule. Walipotoka nje Adolphine alimfuata, akamjibu kwa sauti ambayo hata waliokuwa barabarani waliisikia:

«Papa Polycarpe, miye sikuuliza tumbo yake kama ilibatizwaka. Na sitaiuliza.»

Familia haifichi kwamba juma lile alilia sana, kwa sababu tangu komunyo ya kwanza hakuwahi kukosa Pasaka hata moja, na mume wake alimsihi aahidi kwa mdomo tu, kisha afanye alivyotaka. Alikataa. Ijumaa Kuu alikibeba chungu, akamlisha Kitoga mbele ya macho ya watu. Pasaka, tarehe 21 Aprili, saa ya komunyo alibaki amepiga magoti mahali pake, na wanawake wote wa uchochoro wakabaki naye, hakuna aliyeinuka, na Maman Valérie, mke wa Polycarpe mwenyewe, alibaki pia, padre akisimama na kusubiri. Hakuna aliyeomba radhi, upande huu wala ule, lakini Jumapili iliyofuata Adolphine alikwenda mbele na wenzake, na hakuzuiwa. Papa Polycarpe yuko hapa, alifika jana kabla ya jamaa, na sisi hatumdai kitu.

Tarehe 20 Februari mwaka huu alishikwa na homa ya matumbo, akakibeba chungu hivyohivyo, na tarehe 25 akalazwa. Ijumaa iliyofuata alipelekewa bakuli kutoka chungu chake mwenyewe, akaonja, akasema chumvi haitoshi. Alifariki jana alfajiri, tarehe 12, na usiku wa kuamkia siku hiyo alimwambia Anne-Marie:

«Mukinililia, mulie. Lakini chungu isikose Ijumaa hata moya.»

Kuna jamaa wanaosema nyumba yenye maiti haipiki kwa ajili ya wengine, na wametuletea ng'ombe ili mama azikwe kwa heshima. Tunawashukuru kwa ng'ombe. Amefungwa pale, atakula majani mpaka Pasaka, na matanga haya yatalala na njaa kama marehemu alivyolala na njaa kila Ijumaa, kwa hiari yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, hasa aliyetufungulia mlango saa za kutembelea zilipokwisha, majirani waliobeba maji na kuni, wauza ndagala wenzake waliofunga meza zao leo, na wote waliolia nasi.

Anayechochea moto nyuma ya nyumba tangu asubuhi ni Kitoga. Wanaouliza kama Adolphine hatimaye alimbatiza, wajue kwamba hajabatizwa hadi leo, na kwamba marehemu hakuwahi kumwomba abatizwe. Tukitoka makaburini, Anne-Marie atabeba chungu kichwani mpaka hospitalini, Kitoga atatangulia kwa magongo yake, na sisi sote tutafuata kwa mwendo wake, hata ukiwa wa polepole. Anayeona aibu kutembea nyuma yake, njia ya kurudi kwake anaijua.

Pumzika kwa amani, Adolphine. Chumvi tumeongeza.